Hita ya Bibi

Baridi ya Dubai ni ya wiki chache, na wengi wetu tunaivumilia kwa sweta moja. Mama yake madam ninayemwendeshea gari hakuiweza. Alikuja kukaa na binti yake mtaa wa Al Barsha, na Januari nzima, asubuhi za siku za kazi, niliwapeleka hospitali, bibi akafanyishwe mazoezi ya vidole vilivyokakamaa. Nikiwasha hita, inapuliza baridi. Bibi anaficha mikono kwapani, na hilo liliniuma kuliko ukali wa madam.

Madam alikwisha kumpata mkosaji: dereva wa pili, Mkenya wa Mombasa niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyeliendesha gari lile nilipokwenda likizo Tanga.

"Kaniharibia gari. Viza yake ikiisha mwezi ujao, sitaihuisha."

Nami, mjuzi wa kila kitu, nikaongezea kwamba vijana wa siku hizi hawajui kutunza gari.

Ijumaa nilifungua boneti. Maji ya rejeta yalikuwa tele, na mshale wa joto ulipanda kama kawaida. Nikashika mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita: yote baridi. Nikaifuata kwa vidole hadi nyuma ya injini. Hapo kipande cha mpira kilikuwa kimezungushwa, maji yanatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kuigusa hita.

Nikakumbuka. Agosti, gereji moja mtaa wa Al Quoz, jua la kuchemsha ubongo. Fundi aliniuliza kama mafundi wanavyowauliza madereva wengi huku: "Hita tufunge? Kiyoyozi kitapoza zaidi."

"Yalla, funga," nilimjibu. "Nani atataka hita Dubai?"

Nyani haoni kundule. Nikairudisha mipira mahali pake, nikafunga boneti, na mdomo nikaufunga pia. Siku mbili nilikula na yule Mkenya sahani moja nisiseme neno. Niliogopa. Nina watoto shuleni.

Jumatatu bibi alinyoosha mikono kwenye joto, akanishukuru na kuniombea dua. Dua ile ilinichoma. Nikamwambia madam, aliyekaa kando yake, kwamba hita niliifungisha mimi.

Taa ya barabarani ilipogeuka kijani, madam akasema: "Khalas, yamekwisha. Viza yake nitaihuisha. Yako nitaifikiria."

Jioni nilimweleza mwenzangu. Alikuwa akipiga pasi shati la kazi.

"Najua, ndugu yangu," akasema. "Siku ile Al Quoz si mimi niliyekufuata na gari la pili? Ulidhani nimelala kwenye kiti, kumbe nasikia."

"Mbona hukumwambia madam?"

Akaligeuza shati, akapiga pasi mgongo wake taratibu.

"Wewe una watoto shuleni," akasema. "Mimi sina."