Tarumbeta Lenye Kikohozi

Tulilisikia kabla ya kuona chochote. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa umefunika vioo vya kombi, nami nilikuwa bado ndani ya blanketi, nikisikiliza mvumo wa jiko la gesi na bamdogo akikoroga chai. Kisha, kutoka upande wa migomba, tarumbeta likaanza wimbo wa Pasaka. Likapanda taratibu, likafika sauti ya juu kabisa, likakwaruza. Likakohoa, hasa. Halafu likaendelea kama mzee aliyezoea kikohozi chake.

Kijiko kikasimama ndani ya sufuria.

"Umesikia?" bamdogo akanong'ona.

"Mtu anajifunza tarumbeta."

"Huyo hajifunzi, mwanangu. Hilo ni la baba."

Miaka ile likizo zangu zote ziliishia ndani ya kombi hiyo. Bamdogo aling'oa viti vya nyuma, akaweka godoro, jiko, na mapazia ya kitenge aliyoshona shangazi, akawa anazunguka Iringa na Mbeya kutafuta vitu vya kale: taa za chemli, redio za mbao, cherehani za mkono. Wenye hoteli walivipenda. Siku hizi kombi imeegeshwa Kihesa, matairi hayana upepo, kuku wanatagia kwenye godoro. Nikifungua mlango wake bado nasikia harufu ya chai ya tangawizi na mbao zilizokaa moshini, na nasimama pale mpaka nichekwe na majirani.

Lakini kila tulikofika, baada ya biashara, bamdogo aliuliza swali moja: hapa kuna mtu mwenye tarumbeta kuukuu? Babu alikuwa mpigaji wa kanisani kwetu Igowole. Siku moja alianguka nalo kwenye baiskeli akitoka kupiga harusini Mgololo, na fundi akaziba ufa kwa kipande cha shaba cha kufuli. Tangu hapo sauti ya juu ikawa na kikohozi. Babu alipofariki, wazee wa ukoo waliliuza kwa bendi iliyokuwa ikipita kwenda Mbeya, wapate saruji ya kujengea kaburi lake. Bamdogo alikuwa shule ya bweni. Aliporudi likizo akakuta kaburi zuri na msumari mtupu ukutani.

Tuliufuata ule muziki hadi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Njiani alinikumbusha sheria yake ya kazi: "Usikitazame unachokitaka. Sifu kingine. Mwenye mali akijua moyo wako ulipo, bei inapanda Mlima Rungwe."

Alitupokea mama wa makamo aliyevaa koti kubwa la kiume.

"Kamwene, mama," bamdogo akasalimu kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga, baba. Lo, watu wa Iringa! Ndiyo nyie mliolala kwenye gari? Mmezoea baridi kama viazi ghalani."

"Na nyie ukungu huu mnaula na ndizi?"

"Tunaunywa. Ingieni mnywe na nyie."

Tarumbeta lilikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma. Bamdogo hakuligeukia hata kidogo. Alikalia kigoda cha miguu mitatu, akaanza kukisifu. Mti gani huu, mama? Mkono gani ulichonga? Tazama moshi ulivyokilainisha! Sijawahi kumsikia akisifu kitu namna ile. Vidole vyake vitatu tu vilimsaliti: vilikuwa vinabonyeza goti lake, kimoja kimoja, kwa mwendo wa ule wimbo.

Mama alicheka, akamwinua, akakifuta kigoda kwa ncha ya kitenge, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mgeni hawezi kusifu hivyo halafu atoke kwangu mikono mitupu. Chukua, baba. Zawadi yako." Akaenda jikoni kuleta chai.

Nilitaka kucheka, kisha nikauona uso wa bamdogo. Kwetu na kwao desturi ni ileile: ukishapewa zawadi katika nyumba, huulizi tena bei ya kitu kingine humo. Ujanja wake ulikuwa umemfungia biashara.

"Mwambie ukweli," nilinong'ona. "Mwambie lilikuwa la babu."

"Nikimwambia atanipa." Alikitazama kigoda mapajani. "Si umemwona alivyo? Atanipa."

Mama aliporudi na vikombe, bamdogo aliomba kulishika tarumbeta tu.

"Unajua kupiga?"

"Baba yangu alijua."

Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe hadi kwenye kiraka cha shaba, kikatulia hapo.

"Bovu hilo," mama akasema. "Lina kikohozi. Vijana wa bendi ya kanisa wananicheka, wao wana mapya yanayong'aa. Wameniambia nilipeleke kwa fundi, nimekataa. Marehemu mume wangu alilipiga hivyohivyo. Alfajiri ya Pasaka tunapiga makaburini kuwaamsha wenzetu, na wao wameshalizoea. Likiacha kukohoa watadhani ni mgeni."

Bamdogo alilitazama muda mrefu. Nikajua anahesabu maneno. Machache tu yangetosha. Kisha akalirudisha kwa mikono miwili, kama alivyopewa kigoda.

"Tupigie basi mara moja, mama."

Akapiga amesimama, koti la mumewe likimpwaya mabegani. Bamdogo alifumba macho kabla ya ile sauti ya juu, akaisubiri. Ikaja na kikohozi chake chote. Naye akatabasamu kama mtoto aliyeitwa jina lake la nyumbani.

Tulimaliza chai. Akakipakata kigoda, akashukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo", kwa lafudhi mbaya mno.

"Mkirudi Pasaka mlale ndani," mama akamjibu. "Siyo kwenye debe lile."

Nilitangulia nje. Bamdogo alisimama kizingitini, nikadhani atageuka. Akashuka ngazi, akiinama kidogo kwa uzito wa kigoda, na mama, ili ukungu usiingie, akafunga mlango nyuma yake.