Pedi za Mtani

Ukifika Ng'ambo, Tabora, ukaulizia fundi breki, watu watakuuliza kwanza kama una haraka. Ukisema unayo, wanakuelekeza kwingine. Ukisema huna, wanakupeleka kwa Asmahani binti Nurdini, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika mpaka upande wa pili wa barabara, na mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Hagusi kitu kingine kwenye gari. Likigoma kuwaka, anakwambia umtafute mwenye kazi hiyo. Yeye anashughulika na kusimama tu, na hapo ndipo anapopatia riziki.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, marehemu mzee Nurdini, aliyegonga ribiti za breki za malori ya tumbaku tangu malori hayo yakiwa na pua ndefu. Mzee alipata mabinti mfululizo, ndipo akaja Issa, mtoto wa kiume aliyeombewa dua kila msikiti. Issa akaiona grisi akaikimbia. Leo ni mwalimu wa jiografia, kalamu mfukoni, shati jeupe. Aliyebaki chini ya malori na mzee ni Asmahani, na mzee alimwambia jambo moja ambalo hajalisahau: pedi mpya ya breki haichaguliwi kwa macho. Basi mpaka leo, pedi ya aina asiyoijua ikimfikia, Asmahani anatoa moja sadaka, anaiweka kwenye jiko la mkaa, anaipepea mpaka ishike moto barabara, kisha anainusa na kuikwaruza kwa msumari. Ikinuka gundi na kumeguka kama kashata, anairudisha ilikotoka.

Sasa, Asmahani ni Mnyamwezi wa mjini, na Mnyamwezi hakosi watani. Wapagazi wa Kinyamwezi wa zamani walipokuwa wakishuka pwani na mizigo yao kichwani walipita kwa Wazaramo, wakala kwao, wakagombana nao, wakaoana nao, na utani ukabaki mpaka kwetu sisi. Wazaramo wa Tabora si wengi, lakini Asmahani alipewa mmoja anayetosha kwa kumi. Huyo ni Lukumani, mtu wa Kisarawe, aliyekuja huku kijana akiendesha lori la watu, akamwoa Maua, akasahau kurudi. Siku hizi ana lori lake mwenyewe linalobeba tumbaku kutoka Usoke, ana mvi na ana tumbo, na kila asubuhi anapita kwa Asmahani kabla hajapita popote.

"Mpagazi, leo umebeba nini?" ndiyo salamu yake.

Asmahani humjibu kwamba amembebea sanda, nayo imepimwa fupi kwa kuwa Lukumani hana urefu wowote. Lukumani humwita mwizi wa asali. Naye humwita mla nazi, mtu aliyekimbia bahari kwa kuogopa kuoga. Wapita njia wasiowajua hudhani watashikana mashati. Lakini mama yake Lukumani alipofariki kule Kisarawe, aliyepanda treni na kufika msibani ni Asmahani. Alivaa kanga za marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akawakemea waombolezaji kwa sauti yake ile ile, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka, na Lukumani akacheka mbele yao wote huku machozi yanamtoka. Watu wa namna hii hawadaiani heshima. Ndiyo maana, ingawa Lukumani ni mkubwa wake kwa miaka mingi, tangu wajuane Asmahani hakuwahi kumwamkia shikamoo hata siku moja.

Mambo yalianza Lukumani alipopatwa na wazimu wa uzeeni. Wengine wakifika umri ule huoa mke wa pili. Yeye alinunua kigari cha Kijapani kilichochoka, akakifumua, akakipaka rangi ya buluu, akaandika jina la Maua mlangoni ili mkewe asimnunie, na kutangaza kwamba ataingia mbio za magari zitakazofanyika kwenye barabara za vumbi nje ya Sikonge. Akahitaji mtu wa kukaa pembeni na kumsomea njia. Akamchukua Issa, kwa hoja kwamba mwalimu wa jiografia hawezi kupotea mkoani kwake. Issa, mtu wa shati jeupe, akafurahi kama mtoto aliyevishwa kanzu ya Idi.

Siku moja Lukumani akafika na boksi la pedi za breki kutoka Dar es Salaam, kalibana kwapani kama jogoo. Muuzaji alimwambia pedi hizo zinadumu mno, atakuja kumrithisha mjukuu. Alitaka afungiwe papo hapo.

Asmahani alizitazama, akaweka moja jikoni, akapepea. Moshi ukatoka, harufu ya gundi ikajaa kibandani, na uso wa pedi ukawa unang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Hazikuwa pedi mbaya. Nyingine za jinsi hiyo alikuwa nazo rafuni, anawauzia wenye teksi na kuzisifia, kwa sababu mjini adui wa pedi ni siku, na hizo zinazishinda siku. Kwenye mbio adui si siku. Dereva anatoka kasi, anakanyaga breki kwa nguvu zote, anakata kona, anatoka kasi tena, anakanyaga tena, na pedi hazipati hata dakika ya kupoa. Zikishachemka namna hiyo zinang'aa na kuteleza, mguu unakanyaga na gari linaendelea na safari. Muuzaji wa Dar hakudanganya. Lile neno lake, kudumu, lilikuwa la mjini, na Lukumani alikuwa analipeleka porini.

Asmahani alimweleza yote hayo, ila alimweleza kwa lugha yao waliyoizoea. Akamwambia akienda Sikonge na pedi zile atazikwa huko huko msituni, na nyuki ndio watakaomsomea hitima. Lukumani alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akasema hiyo ya nyuki ni mpya, ataitumia. Asmahani akakataa kuzifunga. Lukumani akacheka zaidi, akaenda kufungiwa na fundi mwingine.

Kesho yake Asmahani alimfuata nyumbani na kumwapia kwa Mungu. Lukumani akawaambia waliokuwepo kwamba Mnyamwezi akianza kuapa, mkague mizinga yenu ya asali. Asmahani akambebea ile pedi iliyoungua aione. Mla nazi akaipiga picha na kuwatumia ndugu zake wa Kisarawe, na chini yake akaandika kwamba watani zao wa bara sasa wanachoma pedi wakidhani ni mihogo. Kisarawe nzima ikacheka. Kila alivyozidi kusema kweli, ndivyo utani wake ulivyozidi kusifiwa.

Akamgeukia Issa. Mdogo wake naye akatabasamu.

"Dada, ninyi wawili mimi sijui ni lini mnasema kweli," alisema. "Umemzika huyu mzee tangu niko shule ya msingi."

Maneno hayo yalimwingia Asmahani. Jioni ile Maua alimletea wali wa nazi akashindwa kuumaliza, yeye asiyejua kushindwa na sahani. Aliogopa. Alimwona Lukumani na Issa ndani ya kile kigari cha buluu, mguu umezama na kona inakuja, na yeye ndiye fundi wa breki aliyejua na asiyesadikiwa. Maneno yote ya kifo alikwisha kuyatumia kuchekea. Hakubakiwa na hata moja la kuonya.

Pedi za kufaa, hata hivyo, alikuwa ameziagiza tangu siku ile ya boksi. Muuzaji mmoja wa Arusha anayewajua watu wa mbio alimtumia kwa basi aina mbili achague. Ya kwanza ilikaa jikoni mpaka mkaa ukawa majivu, na haikutoa hata moshi. Lakini Asmahani alipoifunga kwenye gari la jirani na kuijaribu ikiwa baridi, gari lilipita kidogo pale alipokusudia ndipo likasimama. Pedi kali kama ile haiumi diski ya gurudumu mpaka ipate moto, na Lukumani angeanza mbio asubuhi, breki zikiwa za baridi. Aina ya pili ilitoa moshi kidogo, haikumeguka, na ikiwa baridi iliuma vizuri, ingawa kwa kelele. Ilikuwa na aibu zake: inalia, inamwaga vumbi jeusi, inakula diski, na haitamfikia mjukuu yeyote. Itaisha mapema, lakini itaisha ikiwa kazini. Akaichagua hiyo.

Kilichobaki ni kumfanya mzee akubali. Ijumaa, watu walipotoka kuswali, Asmahani aliisugua mikono yake kwa mchanga na ndimu, akavaa baibui la kuendea harusini, akaenda kwa Lukumani. Maua alikuwa sebuleni akimimina chai. Lukumani alipomwona akafungua kinywa kuuliza mpagazi amebeba nini. Asmahani hakumngoja. Akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka Lukumani."

Maua aliendelea kumimina mpaka chai ikajaa kikombe na kumwagikia mezani. Lukumani hakuitikia. Rangi ilimtoka usoni, akanyanyuka taratibu, akashika mgongo wa kiti.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu," alisema Asmahani. "Na sitaki afe. Nisikilize leo tu, kaka yangu, kesho turudi kwenye matusi yetu. Zile pedi hazitakusimamisha. Sikutanii."

Lukumani alikaa. Alimtazama huyu mwanamke aliyemtukana kwa mvua na kwa jua, katika harusi na misiba, akaiona mikono yake imesuguliwa mpaka imetakata. Hakuuliza habari ya moto wala gundi. Alichomoa funguo za gari mfukoni na kumpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwewe kitu, na jibu la shikamoo akabaki nalo deni.

Jumamosi Asmahani alifunga pedi zake. Lakini pedi mpya za mbio hazipelekwi mbioni hivi hivi. Lazima kwanza zizoeshwe moto. Gari linakimbizwa, breki zinakanyagwa bila kusimama kabisa, linakimbizwa tena, kidogo kidogo zinapashwa, kisha linaachwa lipoe lenyewe. Kazi hiyo haikuwa na mtu mwingine wa kuifanya. Basi watu wa njia ya Sikonge, wenye baiskeli na madumu yao ya asali, walimwona mama mmoja wa ushungi akipita ndani ya kigari cha buluu kinachonguruma, akipunguza ghafla, akiondoka tena, vumbi limefunika dunia. Alikuwa hajawahi kuendesha kitu chepesi namna ile. Mara ya kwanza alipiga bismillahi. Baadaye akawa anaimba. Alirudi Ng'ambo meno yote nje, akasema gari bado linahitaji kuzoeshwa kidogo, akageuza na kuondoka tena, na alipoulizwa baadaye alikiri kwamba mzunguko ule wa pili pedi hazikuwa zikiuhitaji hata kidogo.

Jumapili, siku ya mbio, Wakristo walitoka kanisani moja kwa moja wakaja barabarani, wengine vitabu vya nyimbo mkononi, na nusu ya Ng'ambo ilikuwa imekwisha kufika. Asmahani na Maua walisimama kwenye kona ya mwisho, pale barabara inaponyooka mwendo mrefu na kuteremka, kisha inakata ghafla kabla ya daraja la kijito, hatua chache kutoka mahali pa kumalizia. Wenye mbio walikuwa wamewazuia watu kwa kamba wasiikaribie kona hiyo, na walifanya vyema. Gari la kijana mmoja wa Usoke lilifika, taa zake za breki zikawaka, likapita lilivyo na kuingia kwenye shamba la tumbaku. Kijana akatoka mzima, majani yamemjaa kofiani, watu wakampigia makofi na yeye akawapungia mkono.

Maua alimshika Asmahani mkono. Ngurumo ikasikika, kigari cha buluu kikatokea juu kule kikija kama kimefukuzwa. Asmahani alihesabu moyoni mahali mguu unapopaswa kushuka, na mguu ukashuka pale pale. Pedi zikalia kilio cha kutoboa masikio, vumbi jeusi likaruka magurudumuni, diski zikaonekana nyekundu kama kaa la jikoni. Gari likainama pua, likatulia, likakata kona kwa adabu na kuvuka daraja. Issa alionekana dirishani, shati jeupe limekuwa la rangi ya udongo, anapiga kelele za mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote.

Walikuwa wa nne. Kwa furaha iliyokuwepo, mshindi wa kwanza aliuliza kama kuna harusi. Maua alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na Asmahani akachuchumaa kwenye gurudumu lililokuwa likifuka, akachungulia pedi zake. Zilikuwa zimebaki nyembamba, lakini zilikuwa nzima.

Alipoinuka, Lukumani alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amevua kofia ngumu na kuibana kifuani, mvi zimejaa vumbi, na hakuwa anacheka. Watu wa Ng'ambo walisogea wakingoja tusi.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema.

Asmahani hakuwahi kuitikiwa salamu na mtu huyo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, na kiganja kikamwachia masizi ya breki shavuni kote. Lukumani aliliona lile shavu, akajikaza, akashindwa.

"Mpagazi," alisema, "nawe kumbe uliwekwa jikoni pamoja na pedi zako?"

Asmahani akamwambia ashukuru, hata ile sanda fupi aliyombebea imemzidi urefu, anairudisha dukani.