Mikono Iliyokufa Ganzi

Fulvia Taraborrelli aliishi kwa mikono yake. Kwa miaka thelathini na mmoja, mjini Lanciano, aliwatibu watu viungo kwa kuwashika tu: mgongo, mbavu, shingo, na pale chini ya kisogo ambapo, mtu akitulia, nyama hupumua kama unga uliotiwa hamira. Wanafunzi wake aliwaambia neno moja mwaka mzima: "Msisukume. Sikilizeni kwanza."

Mwezi wa Februari mumewe Ubaldo alifia jikoni, kahawa haijachemka. Majirani walileta chakula siku tatu, kama ilivyo desturi. Fulvia akala kilicholetwa, akaosha vyombo, akavirudisha kwa wenyewe. Hakulia. Jumatatu iliyofuata alifungua chumba chake cha tiba, akaweka mikono chini ya kisogo cha mgonjwa wa kwanza, na asihisi kitu. Ilikuwa kama kushika mkate wa juzi. Alifanya yote yapasayo, kwa mpangilio upasao, mgonjwa akashukuru akaenda zake. Wa pili naye vivyo hivyo. Fulvia hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Mei ilipoingia, Ermes Colasante, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ni mwalimu katika chuo cha tiba hiyo, akamwomba amsaidie katika utafiti. Walitaka kujua kama mikono ya mtabibu hubadili mwendo wa moyo. Si kasi yake, bali nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo. Moyo uliotulia hauendi kama cherehani. Nafasi zake hurefuka na kufupika kidogo kidogo, zikifuata pumzi. Moyo uliobanwa na mashaka ndio unaopiga sawasawa.

Waliojitolea walivishwa kifuani mkanda wa kupimia moyo. Wengine walitibiwa kweli, wengine walipewa tiba ya kuigiza: mikono ile ile, mahali pale pale, muda ule ule, ila bila tiba ndani yake. Na kwa kuwa mkono uliozoea hutibu hata usipotumwa, Ermes aliweka sharti. Katika kuigiza, mtabibu ahesabu kimoyomoyo kutoka elfu moja kurudi nyuma, akitoa saba saba, ili akili ishughulike na vidole visisikilize. Kikao kikiisha, anajaza fomu na kutia sahihi.

Fulvia alikubali, maana kukataa kungedai maelezo. Wale wa kuigiza hawakumpa taabu. Wa kweli walikuwa kumi na mmoja, na wote aliwatibu hatua kwa hatua, kama karani anayenakili barua ya mtu mwingine. Kwenye fomu aliandika "tiba imekamilika."

Alhamisi moja ya Juni akaja Gaspare Iezzi, dereva wa treni mstaafu, mzee wa miaka sabini na minne. Alikuwa upande wa kuigiza, ingawa mwenyewe hakuambiwa.

"Mkanda huu utaniachia nywele?" alimuuliza Ermes.

"Zitabaki zile zinazokupenda, mzee."

"Basi nitabaki na mbili. Na hebu niambie, ni kweli mnasema moyo mzima ni ule usiofuata saa?"

"Ni kweli."

"Miaka thelathini na mitano nimegombezwa kwa kuchelewa dakika mbili. Kumbe nilikuwa mzima, wakubwa ndio wagonjwa."

Akalala chali. Ermes akaenda nyuma ya pazia, kwenye mashine. Fulvia akaketi upande wa kichwa cha mzee, akaingiza mikono chini ya kisogo, akaanza kuhesabu. Elfu moja. Mia tisa tisini na tatu. Alifika mia saba na kumi na tatu, mzee akasema macho yamefumbwa:

"Mikono yako ni ya baridi, mama. Ya marehemu mke wangu ilikuwa hivi hivi. Nilikuwa namlalamikia."

"Tusiongee, mzee," Ermes alisema kutoka nyuma ya pazia.

Fulvia alitafuta namba yake asiione. Alipokuwa bado anaitafuta, kitu kikajongea chini ya vidole. Nyama ya kisogo ililegea, ikapumua, na vidole vikaifuata vyenyewe, kulia, kisha chini, hadi pale palipofungana pakafunguka. Haikuwa furaha. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi ukianza kurudiwa na damu, ukichomachoma kama sindano. Kisha ikakoma, na mikono ikawa kama ilivyokuwa.

"Nimelala?" mzee aliuliza akivaa viatu.

"Karibu ulale."

"Nimekoroma?"

"Kidogo."

"Usimwambie binti yangu. Namwambia kila siku kwamba sikoromi."

Alipoondoka, Fulvia alibaki na fomu mbele yake. Akiandika "hakuna hitilafu," basi, yameisha. Akisema ukweli, Ermes atamuuliza amejuaje. Na jibu lake litawagusa hata wale kumi na mmoja aliowatibu bila kuhisi.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Mzee huyu nimemtibu."

"Umemwigizia."

"Nimemtibu, Ermes. Hesabu imenipotea, mikono ikaenda."

Ermes alishusha pumzi. "Hutokea. Tutamwondoa. Lakini una hakika? Isije ikawa umedhani tu."

"Nina hakika. Tangu Februari sijahisi kitu mikononi. Leo nimehisi."

Feni ya mashine iliendelea kuvuma. Ermes akavuta kiti, akaketi.

"Na wale wengine?"

"Mikono ilipita kote inakopaswa kupita. Mimi sikuwepo."

"Fomu haiulizi hilo. Inauliza muda, mahali, mpangilio. Vyote umevifuata. Hakuna kisanduku cha kuhisi."

"Mwaka wa kwanza nilikufundisha nini?"

Ermes akasema, "Ukiliandika, kamati ya utafiti itawatoa wote. Watakaobaki hawatatosha. Na watataka kujua umekuwa ukiwafanyia nini wagonjwa wako miezi yote hii."

"Acha waulize."

"Mzee Ubaldo angekwambia uliache."

"Ubaldo amekufa," Fulvia alisema. Hakuwa amelitamka neno hilo tangu siku ile ya Februari. Lilitoka kikavu, kama mtu anayetaja kituo cha kushukia.

Ermes alisimama, akafungua kabati, akaleta jalada. Fulvia alitenga fomu zake, akaandika pembeni mwa ya kwanza: "Nilishika, sikuhisi." Akatia sahihi na tarehe. Akachukua ya pili. Kwenye ya saba kalamu iliisha wino, Ermes akampa yake. Alisimama kando ya meza akizipokea moja moja, mpaka ya kumi na moja.