Mguu wa Rani

Harufu ya dawa ya kuchua, kama ile baba aliyowapaka farasi miguuni, ikinipita puani, hata leo nikiwa dukani kwangu Elerai, siwezi kutulia. Nitazipanga upya rafu nilizozipanga asubuhi. Mume wangu atauliza kuna nini, nami nitamjibu hakuna kitu. Ninyi nitawaambia.

Baba alikuwa saisi. Alitunza farasi wanne wa mbio wa Mzee Kuldip, mfanyabiashara wa mjini aliyewaweka kule kwetu Oldonyo Sambu. Mmoja aliitwa Rani, jike mwekundu aliyenunuliwa Nairobi, mwenye miguu myembamba ya kutia huruma. Hata akila alikuwa akihamahama. Nilimpenda kwa hilo hilo, maana nami nyumbani mama hakuchoka kuniuliza kama nimekalia siafu.

Baba hakuwa na amani naye. Mama yake Rani alivunjika mguu mbioni, na dada yake vilevile, na bado Mzee alitaka Rani naye azae, eti kwa sababu ana mbio. Baba alimwambia kwa adabu kwamba mtoto akirithi mbio hurithi na mfupa. Mzee akacheka. Uwanja wa mbio wenyewe ulikuwa shamba lisilolimwa, gumu kama sakafu, lenye mashimo ya fuko. Baba aliomba limwagiwe maji lilainike. Maji! Kwetu maji yalipanda kilima mgongoni mwa punda wa mama. Nani angeyamwaga chini ili farasi wakanyage?

Alichobaki nacho baba ni mkono wake. Kila alfajiri, kabla jua halijapasha kitu, alishika miguu ya farasi mmoja mmoja. Mguu ukiwa na moto, ndani umeumia, farasi hatoki. Nilipofika miaka kumi na mmoja alinipa kazi ya kumshika Rani miguu, na shuleni nilijivuna mpaka wenzangu wakanichoka.

Asubuhi ya mbio nilichelewa kuamka, nikakuta jua limeshatoka. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na moto. Nikashika wa kulia, wa baridi. Nikarudia wa kushoto. Nilitaka sana Rani ashinde. Ndipo nikawakumbuka punda wetu. Punda akiumia husimama. Umpige, umbembeleze, haondoki, na mama alipenda kusema punda hana uongo. Basi nikamfungua Rani nimwone. Alinivuta, akarukaruka, nusura anikanyage. Nikajiambia huyu mzima, hilo joto ni la jua tu, nikaenda kumwambia baba mguu ni wa baridi.

"Una hakika, Neema?"

"Ndiyo, baba."

Kwenye kona ya pili tulisikia mlio kama wa ukuni mkavu ukivunjwa. Mpandaji alianguka. Rani hakusimama. Alikimbia kwa miguu mitatu, wa nne ukining'inia, akawapita farasi wawili. Ilibidi baba amkimbilie na kumkumbatia shingo. Daktari wa mifugo aliutazama mguu, akafungua mkoba wake akatoa sindano. Nilijua ni ya nini. Nikamng'ang'ania baba, nikamwambia ukweli wote sikioni huku nalia.

Hakunigusa. Mzee Kuldip alikuja na macho mekundu, akauliza ni nani aliyeshika mguu asubuhi.

"Mimi, Mzee," baba alisema. "Ulikuwa na moto. Nikamwacha atoke."

Nasema kweli, nilishusha pumzi. Nilidhani baba ameniepusha na fimbo, basi. Kesho yake aliachishwa kazi, akarudi kwenye mahindi. Farasi wengine walikuja kwenye mashamba ya huku na huku, lakini hakuna mwenye farasi aliyemwita baba. Saisi hana cheti, ana jina tu, na watu wa farasi ni wachache, wanasimuliana.

Kuhusu Rani nimeelewa ukubwani. Farasi wa aina yake huzalishwa kutokana na wale wasiosimama, kizazi baada ya kizazi, hata maumivu hayawazuii. Kwa hilo nimejisamehe kidogo, nilikuwa mtoto wa watu wa punda. Lakini Rani hakuwa na mdomo wa kusema anaumwa. Mimi nilikuwa nao, na siku ile, mbele ya Mzee Kuldip, nilinyamaza.