Kerende Walisema Mkono wa Mwanaume Hupasua Vyungu

Saa moja asubuhi, Nestory Mboje anapiga magoti nyuma ya nyumba yake kijijini Kerende na kuanza kufunua magunia yenye unyevu. Chini yake vimepangwa vyungu kumi na viwili ambavyo bado havijachomwa, vina siku tisa. Anapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa cha kwanza, akitafuta ufa.

Nyangi Kisyeri amesimama pembeni, mikono kiunoni. Ni mfinyanzi wa miaka mingi, na udongo mzuri wa hapa unachimbwa kwenye shamba la familia yake. Alishasema mbele ya watu: vikipasuka tena, Mboje asikanyage pale na jembe lake.

"Shikamoo mama," anasema Mboje bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Funua tuone."

Mboje ana miaka arobaini na minane. Aliishia darasa la nne huko kwao Shinyanga, akaja huku Nyamongo kufuata dhahabu. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipobomoka na kumvunja mguu, akashika kazi aliyoiona kwa mama yake. Hapa ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Vijana wa bodaboda wakipita humuuliza anaolewa lini. Huwajibu kwamba ng'ombe bado hawajatosha.

Mzaha uligeuka maneno mazito mwezi uliopita, vyungu vyake tisa vilipopasuka kabla hata ya kuona moto. Kimoja huuzwa shilingi elfu kumi na tano. Watu wakasema ni mwiko, mkono wa mwanaume hupasua vyungu.

"Mkono wangu hauna kosa," anasema Mboje. "Kosa lilikuwa kichwani."

Kosa lenyewe halifichi. Wafinyanzi huchanganya udongo na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa, ili usisinyae kupita kiasi. Mboje aliona uvivu kutwanga. Akabeba ndoo za vumbi kutoka kwenye karasha, wachimbaji wanakosagia mawe ya dhahabu. Vumbi lile ni laini kama unga; halina chenga za kuushika udongo.

"Tena lina zebaki," anasema Mboje. "Hata visingepasuka, ungempikia nani? Nilivifukia vyote mwenyewe."

Safari hii ametwanga vigae mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mdomo wa chungu, anaeleza, ni mwembamba, hukauka na kusinyaa wakati kitako bado kibichi. Hapo ndipo unapochanika. Kwa hiyo aliifunga midomo kwa vitambaa vya maji, akaviweka vyungu mbali na jua na upepo, na siku ya tano akavipindua ili kitako nacho kipate hewa.

Nyangi anainama. Anagonga chungu kimoja kimoja kwa kidole, anasikiliza. Cha saba anakigonga mara mbili, anakinyanyua, anatazama kitako, anakirudisha.

"Hakuna ufa," anasema kwa sauti ya chini.

Mboje anamwomba arudie, majirani walioko kwenye uzio wasikie. Mama huyo anamwambia asimzoee, kisha anaugeukia uzio.

"Vizima vyote. Jumatatu aje achimbe."

Mboje ameshapima kwa hatua mahali pa banda la kukaushia, la kuta za udongo, la kuzuia upepo.

"Mlango utaangalia barabarani," anasema. "Anayetaka kucheka aje acheke karibu. Ila asiegemee ukuta, utakuwa bado mbichi."