Ngolo Akagua Gari la Mahari

Katika bonde la Usangu hapakuwa na mtu aliyeogopwa na wazazi wa waoaji kama Ngolo. Hakuwa mchawi wala mjumbe wa chama. Kazi yake ilikuwa kukagua ng'ombe wa mahari, basi. Alimfunua ng'ombe kinywa, akamtembeza, akamnywesha maji, kisha akamgeukia mwenyewe na vijiswali vya kijinga: huyu hupenda kulala wapi? Mama yake alikuwa na rangi gani? Ukijikwaa kwenye majibu, Ngolo ameshajua kuwa ng'ombe ni wa kuazima, kaletwa kupendezesha macho. Hapo, ndugu yangu, hata uje na mashahidi kumi, hakupitishii.

Mwaka 1976 ikafika zamu ya Limbu, binti wa dada yake. Mchumba alikuwa Bartolomeo, kijana wa Kisukuma kama wao, anayefanya kazi Iringa. Jioni ya kuamkia siku ya wageni, Limbu alimfuata mjomba wake zizini.

"Mjomba, huyu nampenda. Tafadhali usiende kutafuta kasoro pasipo na kasoro."

"Mimi sitafuti, mwanangu. Natazama tu."

Jibu hilo halikumpa Limbu usingizi. Baba yake, Budeba, alikuwa ameapa mbele ya ukoo: asichokipitisha Ngolo hakiingii kwake, na bila mahari binti haondoki.

Asubuhi wageni wakafika, lakini ng'ombe hakuonekana hata mmoja. Likaja gari. Na gari lenyewe, wacha bwana! Refu, jeupe, milango miwili mipana, kioo cha nyuma kikubwa kama dirisha la kanisa. Bartolomeo ndiye aliyeliendesha. Baba yake, mzee Kashindye, akashuka amevaa kofia mpya, na baada ya salamu za heshima za mwangaluka akatamka bila kupepesa:

"Mahari yetu ndiyo hii. Leo mlione tu, tutalikabidhi baada ya harusi."

Bartolomeo alishtuka, akamgeukia baba yake. Budeba akamtazama shemeji yake. "Ngolo, kagua."

Akague nini? Ngolo hajawahi kugusa hata baiskeli! Lakini udadisi ulikuwa unamwasha mwili mzima. Akalizunguka mara mbili. Akachungulia uvunguni, akabonyeza magurudumu, akaingiza kichwa ndani na kunusa viti.

"Ngozi," akasema kwa mshangao. "Wamemchuna nani?"

Wanawake wakacheka. Ngolo hakucheka. Alikwenda nyuma ya gari, akamwita Kashindye. "Mzee mwenzangu, hapa panafunguliwaje?"

Kashindye akavuta huku, akasukuma kule. Kioo kikainuka, lakini sehemu ya chini ikagoma kabisa. Bartolomeo akanyoosha mkono kumsaidia. Ngolo akaurudisha taratibu, akamgeukia tena Kashindye.

"Umelinunua lini?"

"Mwaka jana."

"Na kile kijiti kifupi kule mbele, karibu na gia, cha nini?"

"Hicho?" Jasho lilianza kumtoka. "Hicho ni cha... honi. Honi ya safari ndefu."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Kashindye haikuzidi urefu wa gari lile. Ngolo akafungua mlango. Akaingia, akakaa kiti cha mbele, akamwita Bartolomeo akae kwenye usukani, akampigapiga begani. "Haya, baba, nieleze wewe."

Hapo kijana akasahau hofu. Kijiti kile, alisema, ni cha gia ya nguvu: ukiingia topeni unakishusha, gari linapanda polepole bila kuchoka. Magurudumu yote manne huvuta, siku zote. Kitufe kile hufunga mtambo wa katikati ili tairi za mbele zisizunguke bure wakati za nyuma zimekwama, au za nyuma wakati za mbele zimekwama. Magari ya aina hii, akaendelea, hayafanani yote. La kawaida lina viti vya plastiki na sakafu ya mpira, unaosha kwa ndoo ya maji. Hili aliyeliagiza alichagua viti vya ngozi, zulia, usukani mwepesi, na waipa ya kioo cha nyuma.

"Yaani mtu anaagiza gari na kuchagua?" Ngolo alitumbua macho. "Kama kuagiza ng'ombe ukasema nataka mwenye pembe ndefu na nundu kubwa?"

"Ndivyo, mjomba."

"Ajabu hii! Na huyo aliyechagua ngozi ni nani?"

Kijana akauachia usukani. Akamtazama baba yake, kisha Limbu aliyesimama mlangoni ameshika khanga yake kwa mikono miwili.

"Ni mkubwa wangu wa kazi. Gari ni la mradi wa mifereji, Iringa. Mimi ni dereva tu. Nalipeleka Mbeya kwa fundi. Baba aliniambia nipitie tuwasalimu wakwe. Hili la mahari nimelisikia hapa."

"Mwanangu, umenivua nguo!" Kashindye akapiga kelele. Kisha sauti ikamwishia. "Ng'ombe wetu walikufa, Ngolo. Ugonjwa ulitukuta njiani tukihama kutoka Shinyanga kuja huku. Wamebaki watatu. Ningesimamaje mbele ya Budeba na ng'ombe watatu? Nilidhani mpaka harusi iishe nitakuwa nimepata wengine."

Ngolo akashuka garini. Budeba akasimama, uso umekunjamana. "Sema, shemeji. Linapita au halipiti?"

"Gari halipiti."

Limbu akaziba mdomo kwa mkono.

"Sijamaliza. Mimi najua nini cha magari? Kijana huyu angenidanganya mchana kweupe nami nikaitikia. Ameona heri akose mke. Shemeji, ukimwacha aondoke, mwingine utampata wapi? Na wewe Kashindye, kesho lete hao watatu. Nitawatazama meno, usidhani nitakuonea haya."

Budeba akamtazama binti yake. "Watatu," akasema mwishowe. "Lakini wawe wako. Walete."

Kashindye alivua kofia, akajifunika nayo uso, akalia mbele ya wakwe zake bila kumjali mtu.