Jina Ambalo Mama Hakuweza Kulitaja

Baba alipokufa, ukoo wetu wa Heru Juu ulimkabidhi baba mdogo fimbo yake. Ndivyo tunavyofanya siku ya kumaliza msiba. Anayepokea fimbo ndiye atakayeitwa baba wa nyumba ile na kukaa mbele mahari ikijadiliwa. Hakuna aliyenung'unika. Muda si mrefu nikamkuta baba mdogo katikati ya muhogo wa mama, akichomeka vijiti vya minyaa, ile miti ya uzio yenye utomvu, kwa mstari.

"Baba mdogo, unapanda ua?"

"Napanda mpaka wangu. Fimbo si ninayo?"

Shangazi, dada yao, alikuwa akimenya muhogo uani. "Hiyo tulikupa utembelee," alisema. "Fimbo zingekuwa zinatoa mashamba, mimi ningeshajikatia yangu zamani."

Mama hakucheka. Shamba lile alilima na baba tangu alipoolewa, na kwao hakukuwa na pa kurudi; wazazi walikwisha kufa, kaka zake wamegawana kila kitu. Jioni ile aliniuliza swali moja tu: "Huu muhogo nitauvuna, au nitakuwa nimeondoka?"

Nikaenda kuuliza kwa wanaojua mambo ya mirathi. Niliyoyapata nayaeleza hapa taratibu, maana wengi mtasimama siku moja pale tuliposimama sisi, na si pagumu kama panavyoonekana.

Msimamizi wa mirathi si mrithi. Mfikirie yule mama anayeshika mwiko msibani. Sufuria iko mbele yake, lakini chakula si chake. Kazi yake ni kuhakikisha kila anayestahili amepata, na watu wanamtazama. Msimamizi naye hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni yake, huwagawia wanaostahili, kisha hurudi mahakamani kueleza alivyofanya. Anaweza naye kuwa na fungu lake, kama mpakuaji naye anavyokula, lakini mwiko peke yake haumpi chochote. Sisi tulichanganya fimbo, mwiko na sufuria, tukadhani ni kitu kimoja.

Ukoo ukaketi tena, safari hii kupendekeza msimamizi. Wengi walimtaja mama. Baba mdogo akasema atampinga mahakamani, na hiyo ilikuwa haki yake; tangazo hubandikwa pale ili mwenye neno aje alisemee mbele ya hakimu. Siku ya shauri alikuja, na fimbo yake mkononi.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Mama alipokwisha kuapa, akamwambia ataje majina kamili ya marehemu. Mama akataja jina la ubatizo la baba, akaishia hapo.

"Na la pili, mama?"

"Ni mwenye nyumba yangu."

"Najua ni mume wako. Nataka jina la baba yake."

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Kuna neno la kawaida linalofanana na jina la babu, na sijawahi kumsikia mama akilisema. Siku zote alilizunguka kwa maneno mengine. Nyumbani tulikuwa tumefanya mazoezi ya maswali yote tuliyoweza kuyafikiria. Hili halikutujia.

"Mama," hakimu alisema, "usipomtaja, nitaandikaje kwamba unamjua marehemu?"

Mama aliinamisha kichwa. Nikamwona baba mdogo anasimama kule nyuma, na ukimya ule ulikuwa unamfaa. Akaegemea fimbo, akalitaja jina la babu, wazi, kila mtu akasikia.

"Ni baba yangu," alisema. "Huyu hawezi kumtaja. Anamheshimu tangu siku tuliyomleta kwetu. Mmeona wenyewe, hata hapa."

"Na wewe ndiye mpingaji?"

"Nilikuja kupinga." Aliitazama fimbo yake. "Shemeji akigawa kwa kificho, mimi nitamkamatia wapi?"

"Atarudi hapa kuonyesha alivyogawa. Ukiona umeonewa, njoo useme. Na fimbo yako hakuna atakayeigusa."

Baba mdogo alimtazama mama, ambaye bado alikuwa ameinama. "Basi aendelee," alisema. "Mimi sipingi tena."

Mama akateuliwa siku ile. Kazi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na mengine tulikuja kubishana baadaye, tukiwa tumekaa. Lakini asubuhi iliyofuata baba mdogo alikuwa shambani, akiing'oa ile minyaa. Kadhaa ilikwisha kushika mizizi, ikamtoa jasho.

"Geuza uso, shemeji," mama alimwambia. "Utomvu utakuharibu macho."

Aligeuza uso, akavuta. Mama alimfuata nyuma na kifungu cha vipande vya miti ya muhogo, na kila kijiti kilipotoka alichomeka kimoja, akakifukia kwa mguu.